Kwa nini uvimbe usifungiwe damu? Mishipa na majirani ndani ya saratani ya mitoki

Picha ya majibu iliingia kwenye simu yangu saa mbili usiku, nikiwa nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Karatasi moja kutoka maabara ya patholojia Mwanza, imepigwa picha ikiwa juu ya goti la mtu, mstari wa mwisho umefunikwa na kivuli cha kidole. Binamu yangu, kijana wa miaka 23 wa Ujiji, alikuwa amekatwa mtoki wa shingoni ukapelekwa kupimwa. Majibu yalisema limfoma ya Hodgkin, aina moja ya saratani ya mitoki. Chini yake kulikuwa na maelezo yaliyoishinda nyumba nzima: mikanda minene ya kolajeni, chembe nyingi za kinga za kila aina, mishipa midogo ya damu iliyoongezeka, na katikati ya vyote hivyo seli kubwa za saratani, chache, zimetawanyika.

Shangazi alipiga kabla sijamaliza kusoma. Hata shikamoo yangu aliiitikia mbiombio.

"Mwanangu, wewe ndiye unayefundisha bailojia. Wanasema seli zenyewe za saratani ni chache. Sasa lile donge lote kama limau lilikuwa la nini?" Kabla sijajibu akaongeza: "Na kama linakula damu ya mtoto, kwa nini wasilifungie damu likakauka?"

Shangazi anauza mawese soko la Mwanga, shule aliishia la saba. Maswali yake hayo mawili ndiyo ambayo watafiti wa saratani wamekuwa wakihangaika nayo kwa zaidi ya miaka 50. Usiku ule nilimjibu nusunusu. Nusu iliyobaki ni hii, nimeiandika kwa ajili yake na kwa kila familia ya Kigoma na Tabora iliyowahi kushika karatasi ya namna hiyo ikakosa mtu wa kuisoma.

Mzinga na nyuki wake

Tuanze na mtoki wenyewe. Mtoki, au tezi ya limfu, ni kituo cha ulinzi, na mwilini vimo vituo vya namna hiyo mamia: shingoni, kwapani, kinenani, kifuani katikati ya mapafu, tumboni nyuma ya utumbo. Mtoki wa mtu mzima wa afya hauzidi sana punje ya haragwe, ndiyo maana hatuujui mpaka uvimbe. Umejikwaa, kidole cha mguu kimetunga usaha, kesho yake kinena kinauma: hapo mitoki iko kazini. Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti hukutana humo na vijidudu, zile zinazofaa huchaguliwa, huzaliana, kisha hutumwa vitani.

Mimi nimekulia Sikonge, mkoani Tabora, kwa babu mzaa mama ambaye alirina asali maisha yake yote, kwa hiyo siwezi kuufikiria mtoki bila kuuona mzinga. Babu alitengeneza mizinga ya magome ya miombo, na kabla ya kuutundika mzinga mpya juu ya mti aliupaka nta kwa ndani. Kundi la nyuki likipita linasikia ile harufu, linaingia. Mzinga si nyuki peke yao. Kuna masega yanayobeba asali na watoto, kuna mlango, kuna harufu inayomwambia kila nyuki aende wapi. Ukiyaondoa hayo unabaki na wadudu wanaorandaranda hewani, na usiku mmoja wa baridi unawamaliza.

Mtoki una masega yake: wavu wa seli ziitwazo fibroblasti, zinazosokota nyuzi za kolajeni na kuushikilia mtoki usiporomoke. Una harufu zake: protini ndogo sana, kemokaini, zinazowaita limfosaiti na kuwapanga, hawa upande huu, wale upande ule. Mlango wake ni vena ndogo za aina ya pekee, zenye ukuta wa seli nene zilizosimama, ambapo limfosaiti iliyokuwa ikisafiri na damu hujibanza, hupenya na kuingia ndani. Na katika vyumba vya ndani kabisa, viitwavyo folikuli, ziko seli za dendriti za folikuli, zinazozishika limfosaiti za aina ya B kwa mikono mirefu na kuzipa ishara ya kuendelea kuishi. Vyote hivi, vinavyobeba, kulisha na kuelekeza bila vyenyewe kuwa askari, wataalamu huviita stroma. Mimi nitasema tishu saidizi.

Hapa ndipo limfoma inapoachana na saratani nyingine nyingi. Saratani ya titi au ya utumbo mpana inapohamia mahali pageni hulazimika kujijengea makazi. Limfoma haina shida hiyo, imezaliwa mzingani. Ni limfosaiti iliyoharibika jeni ikiwa nyumbani kwake, masega yapo, mlango upo, mishipa ya damu ipo, chakula kinaletwa. Ukilishika hilo, mengi yanayofuata yatakuelea, pamoja na sababu ya jibu la swali la pili la shangazi kuwa gumu kuliko linavyoonekana.

Mmoja kati ya mia

Swali la kwanza lina jibu la wazi, ingawa linashangaza. Thomas Hodgkin, daktari wa Guy's Hospital mjini London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1832 kwa kuangalia maiti kwa macho tu. Seli zenyewe zilikuja kuelezwa vizuri baadaye, na Carl Sternberg mwaka 1898 na Dorothy Reed mwaka 1902, na mpaka leo zinaitwa seli za Reed-Sternberg: kubwa, mara nyingi zenye viini viwili vinavyokukodolea kama macho ya bundi. Katika limfoma ya Hodgkin ya kawaida, seli hizo pamoja na ndugu zake wa karibu mara nyingi ni kama asilimia moja tu ya uvimbe, na pengine chache zaidi ya hapo. Zilizobaki zote ni chembe za kinga zisizo na saratani, fibroblasti, nyuzi na mishipa.

Umati huo haukuja wenyewe, umeitwa. Seli ya Reed-Sternberg ni limfosaiti ya B iliyopoteza utambulisho wake, na peke yake ni dhaifu. Hutoa kemokaini kwa wingi, hasa ile iitwayo CCL17, inayowavuta limfosaiti wasaidizi wa aina ya T. Hutoa ishara nyingine za kuwaita eosinofili, chembe zile zile tunazoziona zikipanda mtu akiwa na minyoo. Kwa pamoja, yeye na aliowaita huwaamsha fibroblasti zisokote kolajeni, na ndipo inapotokea ile mikanda minene iliyoandikwa kwenye karatasi ya binamu yangu. Ndiyo maana uvimbe wake ulikuwa mgumu kama mpira ukiubonyeza.

Mtu atauliza: hao limfosaiti T si askari? Mbona hawamuui? Wanamzunguka kabisa, wamemgusa bega kwa bega. Lakini seli ya Reed-Sternberg, kwa kasoro iliyo kwenye kromosomu yake ya 9, hujitandaza juu ya ngozi yake protini iitwayo PD-L1. Askari T akiigusa hupokea amri ya kuweka silaha chini. Akibaki pale, joto lake na kemikali zake zinamnufaisha yule yule aliyemfuata kumkamata.

Kwa hiyo donge kama limau lilikuwa umati. Mhalifu ni mmoja, mia wamemzunguka, na wengi wao wamelaghaiwa. Nilipomweleza hivi shangazi alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mwili wake mwenyewe." Ndiyo, shangazi. Sehemu kubwa ya lile donge ilikuwa mwili wake mwenyewe.

Njaa inavyoita damu

Sasa damu. Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa watoto wa Boston, Judah Folkman, aliandika katika New England Journal of Medicine wazo ambalo wenzake wengi waliliona la ajabu: uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi milimita moja au mbili bila kujipatia mishipa mipya ya damu. Basi, akasema, ukiizuia mishipa utauzuia uvimbe. Kwa maneno mengine ni shangazi na donge lake likakauka.

Hesabu aliyoisimamia Folkman ni ya umbali. Oksijeni ikitoka kwenye mshipa mwembamba kabisa, kapilari, hupenya ndani ya nyama kama sehemu moja au mbili tu za kumi ya milimita. Seli iliyo mbali zaidi hubanwa pumzi. Lakini ikibanwa haifi kimya. Ndani ya kila seli hutengenezwa protini iitwayo HIF, ambayo oksijeni ikiwepo huharibiwa papo hapo. Oksijeni ikipungua, HIF hubaki, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kukabili njaa. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua mtambo huo. Moja ya jeni zinazowashwa hutengeneza protini iitwayo VEGF. Hiyo husambaa hadi kwenye mshipa wa jirani, na seli za ukuta wa mshipa zikiipokea huamka, huyeyusha utando unaozizuia, hujipanga mstari na kutambaa kuelekea penye njaa, kama mche wa maboga unavyotuma mkono wake kutafuta pa kushika. Huo mkono huwa bomba, bomba hukutana na bomba jingine, damu hupita. Mwili hufanya hivyo hivyo kidonda kinapopona na mtoto anapokua tumboni. Saratani haikubuni kitu, imeiba.

Na ikiiba, hujenga vibaya. Walioishi kwenye miteremko ya Kigoma kabla bomba rasmi halijafika wanajua maji ya kuungaunga: mpira umeunganishwa na mpira kwa kipande cha tairi, kila kiungo kinavuja, wa bondeni ametota na wa juu anasubiri matone. Mishipa ya saratani ndivyo ilivyo. Inajipinda, mingine haina mwisho, na seli za nje zinazopaswa kuikaza hazijakaa sawasawa. VEGF yenyewe, Harold Dvorak na wenzake walipoieleza mara ya kwanza mwaka 1983, waliijua kama kitu kinachofanya mishipa ivuje. Napoleone Ferrara ndiye aliyeitenga mwaka 1989 kama mchochezi wa mishipa mipya. Majimaji yanayovuja hujaa ndani ya uvimbe, shinikizo hupanda, na dawa inayoingia kwa dripu haisambai: kona moja imelewa dawa, kona nyingine haijaionja. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linalomrudi shangazi mbele ya safari. Bomba linalolisha saratani ndilo linaloipelekea saratani dawa.

Limfoma ziko nyingi

Limfoma ziko za aina kadhaa kwa kadhaa, na kila moja ina uhusiano wake na damu.

Kuna ile ambayo jina lake limebeba mishipa, limfoma ya T ya angioimunoblasti. Humo zile vena za mlangoni zimechipua matawi kama mti, na wavu wa seli za dendriti umetanuka na kuizingira mishipa. Mtaalamu wa patholojia anayeijua huanza kuishuku kwa mishipa yake hata kabla ya kuzipata seli zenyewe za saratani.

Kuna limfoma ya Burkitt, na hii lazima nisimame nayo, kwa sababu ni ya watoto wa ukanda wetu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago mjini Kampala, mwaka 1957 alianza kuona watoto waliovimba mataya, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walichukua gari wakazunguka hospitali za Afrika Mashariki na kusini yake, wakiuliza wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Ramani yao ilifanana na ramani ya joto, mvua na malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walionyesha kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, kinachoitwa mpaka leo Epstein-Barr. Kigoma na Tabora ni mikoa ya malaria nyingi, ndiyo maana mzazi wa huku anapaswa kujua: taya la mtoto likivimba na meno kulegea, au tumbo likijaa ghafla, si suala la kusubiri mnada upite ndipo ipatikane nauli. Uvimbe huu huweza kujiongeza maradufu kwa siku moja hadi mbili.

Chini ya hadubini Burkitt huonekana kama anga la usiku: giza la seli za saratani zilizosongamana, na humo nyota nyeupe. Nyota hizo ni makrofaji, chembe za kusafisha, zimejaa mizoga ya seli za saratani, maana katika kukua kwa kasi hiyo nyingi hufa pia. Kwa miaka mingi makrofaji hizo zilidhaniwa ni wafagiaji tu. Tafiti za karibuni zimeonyesha kwamba mfagiaji aliyeshiba mizoga hiyo anaweza kubadilika, akaanza kutoa vitu vinavyochochea ukuaji na mishipa mipya. Kwa bahati nzuri Burkitt huyeyuka kwa dawa kuliko saratani nyingi, mradi mtoto afike mapema.

Halafu kuna limfoma ya seli kubwa za B, inayoongoza kwa wingi duniani kati ya zisizo za Hodgkin. Mwaka 2008 Georg Lenz, Louis Staudt na wenzao walichapisha kazi ambayo naiona ni ya kukumbukwa. Walisoma jeni zinazofanya kazi ndani ya uvimbe wa wagonjwa 181 waliotibiwa kwa tibakemia ya zamani iitwayo CHOP, na wengine 233 waliopata CHOP pamoja na rituksimabu, dawa inayozilenga limfosaiti B (mchanganyiko huo huitwa R-CHOP). Kilichotabiri nani ataishi hakikuwa tabia ya seli za saratani peke yake. Alama mbili zilitoka kwa majirani. Uvimbe wenye alama ya kwanza ulijaa nyuzi na makrofaji, na wenye nao walifanya vizuri zaidi. Uvimbe wa alama ya pili ulijaa jeni za mishipa, na walipouhesabu chini ya hadubini ulikuwa na mishipa mingi kweli. Hao walifanya vibaya.

Yaani wagonjwa wawili wenye saratani ya jina moja, dawa moja, na tofauti yao kubwa iko kwenye masega na mabomba.

Walivyojaribu kuifunga

Baada ya kusoma hivyo, kila mtu angesema yale ya shangazi: funga bomba. Na dawa ilikuwepo. Bevasizumabu, kingamwili inayoikamata VEGF kabla haijafika kwenye mshipa, iliruhusiwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Utafiti mkubwa uitwao MAIN ukaanza: wagonjwa 787 wa limfoma ya seli kubwa za B, nusu wakapewa tiba ya kawaida ya R-CHOP, nusu R-CHOP pamoja na bevasizumabu.

Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2014. Waliofungiwa bomba hawakuishi zaidi, wala ugonjwa haukuchelewa kurudi. Walichozidi wenzao ni kudhoofika kwa moyo, na kwa sababu hiyo utafiti ulisimamisha kupokea wagonjwa kabla ya wakati wake.

Nimelifikiria jambo hili sana, maana si rahisi kumwambia mama kwamba wazo lake zuri limejaribiwa likashindwa. Nionavyo mimi, sababu zinafungamana. Mtoki una mishipa yake tangu kuzaliwa, na bevasizumabu huzuia mipya kuliko inavyong'oa ya zamani. VEGF si mwita damu pekee, ukimziba mdomo mmoja wapo wengine wanaoita. Kisha kuna lile la dripu kupita kwenye bomba lile lile. Na moyo: ndani ya CHOP imo doksorubisini, ile dawa nyekundu, ambayo huuchosha moyo inapozidi, na moyo uliochoshwa huhitaji VEGF kutengeneza mishipa yake midogo. Ukiinyima saratani, unaunyima na moyo. Mishipa mingi ndani ya uvimbe ilikuwa ishara ya ugonjwa mkali. Kuifunga ni jambo jingine.

Haimaanishi Folkman alikosea. Katika saratani nyingine, ya figo kwa mfano, dawa za kuzuia mishipa zimeongeza maisha ya watu. Rakesh Jain alipendekeza mwaka 2001 kwamba zikitumiwa kwa kiasi huweza kuyanyoosha kwanza mabomba yaliyopinda, dawa nyingine zikapita vizuri. Ila kwa limfoma, njia iliyozaa matunda ilipita kwa majirani.

Kuwageuza majirani

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ibrutinibu, iliyoruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2013 kwa limfoma ya seli za manteli, aina nyingine ya saratani ya limfosaiti B. Mgonjwa akianza kuimeza, siku za mwanzo mitoki hunywea, lakini chembe za saratani kwenye damu hupanda, na daktari asiyejua huogopa. Kinachotokea ni kwamba dawa imekata gundi inayozishika seli kwenye masega na imeziziba pua zisisikie harufu ya mzinga. Zinatoka nje, zinaelea kwenye damu, mbali na walezi wao, na nyingi hudhoofika na kufa. Babu angeelewa mara moja: amewafukiza nyuki.

Lenalidomaidi ni mtoto wa talidomaidi, dawa iliyoleta msiba wa watoto kuzaliwa bila viungo na kuondolewa sokoni mwaka 1961. Robert D'Amato, akiwa kwenye maabara ya Folkman, alionyesha mwaka 1994 kwamba talidomaidi huzuia mishipa mipya, na hapo ikaanza kuchunguzwa upya kwa ajili ya saratani. Lenalidomaidi hupunguza mishipa, lakini pia huwaamsha limfosaiti T waliolala, na pamoja na rituksimabu hutumika kwa limfoma ya folikuli.

Kwa Hodgkin ipo nivolumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016 kwa wale ambao ugonjwa umewarudia. Yenyewe haimgusi mhalifu. Humfunika askari T ile sehemu inayopokea amri ya kuweka silaha chini, askari akakumbuka kazi yake. Umati uliokuwa ukimlinda mhalifu unamgeukia.

Na makrofaji wana habari ya kufundisha. Katika limfoma ya folikuli, wakati wa tibakemia tupu, uvimbe wenye makrofaji wengi ulikuwa na mwisho mbaya. Rituksimabu ilipoingia, tafiti kadhaa zilikuta ubaya huo umefutika, na nyingine zikakuta umegeuka kuwa heri. Sababu ni kwamba rituksimabu hukaa juu ya limfosaiti B kama alama ya chokaa, na anayekuja kumla aliyetiwa alama ni makrofaji huyo huyo. Rituksimabu iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Zile nyingine bei yake bado iko mbali na mkulima wa tumbaku wa Urambo, na hilo linaniuma kila ninapozisoma.

Sindano haitoshi

Kuna sehemu ya elimu hii ambayo haihitaji dawa ya bei mbaya, na ndiyo ingemsaidia binamu yangu mapema. Kabla ya Mwanza alipita kwenye kituo kimoja ambako walichoma mtoki kwa sindano nyembamba, wakavuta majimaji, wakapaka kwenye kioo. Majibu: chembe za kinga tu. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, kwa kuwa homa, jasho la usiku na kukonda vilikuwepo. Akazimeza miezi minne, mtoki ukikua.

Sasa rudi kwenye ile asilimia moja. Sindano nyembamba ikiingia kwenye uvimbe ambao mhalifu ni mmoja kati ya mia, itawavuta kina nani? Itavuta umati, na umati utaonekana hauna hatia. Zaidi ya hapo, limfoma husomwa kwa mpangilio: mikanda iko wapi, mishipa imechipua vipi, folikuli zimevunjika au zimebaki. Sindano huleta nyuki wachache kwenye kiganja. Anayetaka kujua hali ya mzinga anahitaji kuuona mzinga. Ndiyo maana, pale inapowezekana, mtoki hukatwa mzima, ukawekwa kwenye fomalini mara moja na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia.

Kifua kikuu cha mitoki kipo kwetu na ni kingi, wala simlaumu mganga anayekifikiria kwanza. Lakini mtoki usiouma, unaozidi kukua kwa wiki kadhaa, au unaoendelea kukua mtu akiwa kwenye dawa, ni haki ya mgonjwa kuuliza kwa heshima, "Daktari, tunaweza kukata kinyama?" Vivyo hivyo aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita bila sababu. Na anayeishi na virusi vya Ukimwi asikawie hata kidogo, kwa sababu kwake hatari ya limfoma ni kubwa zaidi.

Binamu alipewa dripu kila baada ya wiki mbili, dawa nne kwa pamoja, kwa miezi sita. Homa ilikwisha ndani ya mwezi wa kwanza. Dripu za mwisho zilipomalizika alirudi Ujiji amenenepa kidogo, ila shingoni kulibaki kinundu kigumu. Shangazi alikishika akaanza kulia, akidhani safari nzima imekuwa bure.

Daktari alituambia kwamba kwa aina hii ya Hodgkin kinundu hubaki mara nyingi. Seli za saratani zimekufa, umati ulioitwa umetawanyika kwa kuwa hakuna anayeuita tena, lakini kolajeni iliyokwisha kusokotwa haiondoki na dripu. Ni kovu. Masega matupu. Hata hivyo lazima kifuatiliwe, kwa kuwa seli chache zikisalia zinaweza kujificha humo humo. Akampangia kurudi kila baada ya miezi mitatu.

Shangazi ana kipimo chake. Kila Jumapili jioni, kabla ya kufunga hesabu za mawese, humwita kijana, humgeuza shingo kwenye mwanga wa mlangoni na kukibonyeza kwa kidole gumba. Mwezi uliopita aliniambia kiko kama punje ya karanga. Juzi nikampigia tena. Kiko vile vile.